Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kahawa Zetu za Msimu na Wakulima Wake

Sisi ni wakaangaji wadogo wa kahawa hapa Mji Mkongwe, Unguja. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wateja wetu huuliza dukani, na wengine huandika kutoka Pemba, Dar es Salaam na hata Maskati. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo jambo linastahili, kwa sababu tunaamini kwamba anayenunua kahawa ana haki ya kujua imelimwa wapi, imelimwa na nani, na fedha yake inakwenda kwa nani.

Kahawa mnayoikaanga inatoka wapi, na kwa nini si ya Unguja au Pemba?

Kahawa yetu yote inatoka Bara. Arabika tunaipata kutoka miteremko ya Kilimanjaro, Mbinga mkoani Ruvuma na Mbozi mkoani Songwe, na robusta tunaipata kutoka Kagera. Arabika hutaka ubaridi wa milimani. Kwa Tanzania hustawi zaidi baina ya mita 1,000 na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo usiku hupoa, tunda likaiva polepole na buni ikapata muda wa kujaa. Visiwa vyetu havina kimo hicho. Hata Masingini, juu ya mji wa Unguja, hakufiki mita 200.

Robusta huvumilia joto, na ndiyo maana mgeni anayetembezwa katika mashamba ya viungo huonyeshwa mibuni miwili mitatu pembezoni mwa midalasini na miiliki. Mibuni hiyo ni ya kuonyesha na ya matumizi ya nyumbani, haikulimwa kwa biashara. Ardhi nzuri ya visiwa hivi ilichukuliwa na karafuu tangu karne ya 19, na imebaki kuwa ya karafuu.

Kwa hiyo hatuandiki "kahawa ya Zanzibar" juu ya mfuko wenye buni ya Mbinga. Tunaandika wilaya, chama cha ushirika ilikotoka, mwezi wa mavuno na tarehe tuliyoikaanga. Kazi yetu ni kukaanga. Waliolima ni wengine, na jina la mahali pao lazima lisomeke.

Basi Zanzibar ina uhusiano gani na kahawa, zaidi ya kuinywa?

Uhusiano upo, nao ni wa zamani. Desturi ya kunywa kahawa barazani ilikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Yemeni na Omani, kabla ya mtu yeyote kufikiria kulima arabika Kilimanjaro. Tena, wamisionari Wakatoliki waliofika Unguja mwaka 1860 walitoka katika kisiwa cha Réunion, ambacho ndicho asili ya kahawa aina ya bourbon. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua kituo Bagamoyo, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamefika Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako walipanda mibuni. Wachaga waliichukua kahawa hiyo wakaifanya yao kwa kasi ambayo si wamisionari wala serikali ya kikoloni waliitarajia.

Kagera ni habari nyingine kabisa. Huko Wahaya walikuwa na robusta yao kabla ya mkoloni yeyote. Walichemsha matunda pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayaanika, na mgeni alipofika alikirimiwa buni za kutafuna. Katika kahawa zote tunazouza, hiyo ndiyo yenye mizizi mirefu zaidi katika desturi za watu wanaoilima.

Kwa nini orodha yenu ya kahawa hubadilika kila baada ya miezi michache?

Kwa sababu kahawa ni zao la msimu. Kagera huanza kuchuma mnamo Mei, na Mbinga na Mbozi huanza mnamo Juni. Kazi huendelea mpaka Oktoba au karibu yake. Kilimanjaro huchelewa kidogo: matunda huanza kuwa mekundu mnamo Julai, na katika vijiji vya juu mavuno huweza kuendelea mpaka Disemba. Baada ya kuchumwa, kahawa humenywa, huoshwa, huanikwa, hupelekwa kwenye kiwanda cha kukoboa, hupangwa kwa madaraja, huonjwa na kuuzwa. Kisha husafiri kwa barabara mpaka Dar es Salaam na kuvuka bahari kuja bandarini Malindi. Safari hiyo yote huchukua miezi. Mteja anayeiona kahawa mpya ya kusini kwenye rafu zetu mwishoni mwa mwaka anakunywa matunda yaliyochumwa wakati wa kipupwe, na kahawa mpya ya Kilimanjaro huwa tayari baada ya mwaka mpya.

Tunanunua kiasi tunachoweza kukikaanga kabla ubora wake haujashuka. Buni mbichi iliyokauka vizuri, yenye unyevu wa baina ya asilimia 10 na 12, hudumu karibu mwaka mzima ikiwa imehifadhiwa penye ubaridi na ukavu. Hapa kwetu hakuna ubaridi, na wakati wa masika hakuna ukavu. Gunia la katani pekee halifai. Buni hunywa unyevu uliomo hewani, rangi yake ya kijani iliyoiva hupauka ikaelekea weupe, na ladha yake ikawa kama ya karatasi. Kwa hiyo hutunza buni ndani ya mifuko isiyopitisha hewa iliyowekwa ndani ya gunia, na kahawa ikiisha tunasema imeisha. Tunajua inakera kukosa kahawa uliyoizoea, lakini hatutajaza nafasi yake kwa buni ya msimu uliopita na kuiacha alama ileile juu ya mfuko.

Wakulima wenu ni watu gani? Ni mashamba makubwa?

Hapana. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania hulimwa na wakulima wadogo, na kahawa yetu yote hutoka kwao. Wengi wana ekari moja au mbili, na ndani ya ekari hiyo kahawa haiko peke yake.

Kilimanjaro mkulima ana kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba na kurithishwa toka kizazi hadi kizazi. Juu kabisa kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi na maharage. Maji huletwa na mifongo, mifereji iliyochimbwa na wazee kutoka kwenye vijito vya mlimani, ambayo hugawanywa kwa zamu na kila ukoo unaijua zamu yake. Ng'ombe hufungwa zizini, majani ya migomba huwa chakula chake, na samadi hurudi kwenye mibuni. Shamba la namna hiyo haliwezi kutoa mazao mengi ya kahawa kwa ekari kama shamba la kibiashara lenye mibuni mitupu, lakini humlisha mwenyewe mwaka mzima hata bei ya kahawa inapoanguka, na ndiyo sababu limedumu.

Mbinga ni nchi ya Wamatengo, wakulima wa milima mikali ambao walibuni mashimo ya ngoro ili mvua isiuchukue udongo wao. Nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo hufukuliwa katikati na kufunika nyasi, na mlima mzima ukitazamwa kwa mbali huonekana una vishimo kila mahali. Mahindi na maharage hupandwa kwenye kingo za ngoro. Kahawa huwa karibu na nyumba. Familia nyingi huko humenya kahawa zenyewe kwa mashine ndogo ya mkono. Ukisimama karibu na mashine hiyo jioni ya mavuno, utaona mtu mmoja akizungusha gurudumu, mwingine akimimina matunda na maji juu, ganda jekundu likitoka upande mmoja na buni mbili mbili, nyeupe na zenye utelezi, zikiangukia kwenye ndoo upande wa pili. Kazi hiyo lazima imalizike siku ileile, kwa kuwa tunda lililolala huanza kuchacha bila mpango, na kasoro hiyo haiondoki tena kwa namna yoyote, hata kwa moto.

Katika maeneo yote haya, mkono unaochuma na kuchambua kahawa mara nyingi ni wa mwanamke, lakini jina lililoandikwa kwenye daftari la chama huwa la mume. Kila tunaponunua huwauliza viongozi wa chama kuhusu wanachama wanawake, na kahawa iliyokusanywa kwa jina lao tunaipa kipaumbele. Ni hatua ndogo, lakini iko ndani ya uwezo wetu.

Mkulima hulipwaje?

Swali hili ndilo tunalolipenda kuliko yote, na ndilo huulizwa kidogo kuliko yote.

Mkulima hupeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi cha ushirika, kinachojulikana kama AMCOS. Inapimwa, anapewa stakabadhi, na mara nyingi hupata malipo ya awali. Chama hukusanya kahawa ya wanachama wote, huipeleka kukobolewa, kisha huuzwa mnadani chini ya usimamizi wa Bodi ya Kahawa Tanzania, yenye makao yake Moshi, au kwa mkataba wa moja kwa moja na mnunuzi kwa utaratibu wa Bodi hiyo. Baada ya mauzo, gharama hukatwa na mkulima hupata malipo ya pili. Msomaji wa Unguja au Pemba atalinganisha na karafuu, ambayo mkulima huiuza kwa Shirika la Biashara la Taifa kwa bei iliyotangazwa kabla hajatandika jamvi. Mkulima wa kahawa hana bei ya namna hiyo. Anachuma Julai bila ya kujua kahawa yake itauzwa kwa shilingi ngapi.

Ushirika wa kahawa una historia ndefu na si nyepesi. Wachaga walianzisha chama cha wapandaji kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya mwanzo katika Afrika. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, vikarejeshwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakidhibiti mauzo ya kahawa duniani yalivunjika na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 soko la ndani likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ilishuka kiasi kwamba wapo waliong'oa mibuni na kupanda mahindi au nyanya. Mtu anapolalamika kwamba vijana wa Kilimanjaro wamekimbia kahawa, ni vyema akumbuke kwamba vijana hao walikua wakiwatazama wazazi wao wakilipwa kidogo mwaka baada ya mwaka.

Zipo pia hasara zinazotokea mlangoni kwa mkulima. Kagera kuna biashara ya butura: mwenye fedha humkopesha mkulima mwenye shida wakati mibuni ingali inachanua, na deni hulipwa kwa kahawa, kwa bei ambayo mkulima asingeikubali kama asingekuwa na mgonjwa au ada ya shule. Serikali imeipiga marufuku, lakini njaa ya kabla ya mavuno haipigiki marufuku. Kwa sababu hiyo, sisi hununua kupitia chama, hutanguliza sehemu ya malipo mapema kadiri tunavyoweza, na hulipa zaidi ya bei ya mnada kwa kahawa iliyochambuliwa vizuri. Kiasi tunachonunua ni kidogo. Hakiwezi kubadilisha maisha ya wilaya. Lakini chama kinapojua kwamba mnunuzi huyu atarudi mwaka ujao, kinathubutu kuwaambia wanachama wachume matunda mekundu tu.

Kwa nini mnasisitiza matunda mekundu?

Kwa sababu hapo ndipo ubora unapoamuliwa. Kichala kimoja cha mbuni huwa na matunda ya kijani, ya manjano na mekundu kwa wakati mmoja. Mchumaji mwangalifu huchuma mekundu pekee na hurudi kwenye mbuni uleule mara kadhaa katika msimu. Mwenye haraka huvuta kichala chote kwa mkono mmoja. Tunda la kijani hutoa buni ambayo ikikaangwa hubaki na rangi hafifu na ukakasi unaokausha ulimi. Kinyume chake ndicho wachumaji wa karafuu wanachokijua: wao huwahi kabla ua halijafunguka, na mchumaji wa kahawa husubiri.

"Kahawa ya kuoshwa" na "kahawa iliyokaushwa na ganda" zina tofauti gani?

Kahawa ya kuoshwa humenywa, ikavundikwa kwa siku moja mpaka tatu ili utelezi ulegee, ikaoshwa kwa maji safi na kuanikwa juu ya vichanja vya waya, ambako hugeuzwa kwa mikono na kufunikwa jua linapokuwa kali au mvua inapotisha. Ladha yake huwa safi, yenye uchachu wa wastani, na ndiyo njia ya kawaida kwa arabika yetu. Kahawa iliyokaushwa na ganda huanikwa ikiwa tunda zima kwa wiki mbili, tatu au zaidi. Sukari ya tunda hukaukia juu ya buni, na kahawa huwa nzito na yenye utamu wa matunda yaliyokaushwa. Robusta nyingi ya Kagera hufanywa hivyo. Ikianikwa juu ya udongo huchukua harufu ya udongo. Ikianikwa juu ya kichanja, tofauti yake hushangaza.

Herufi AA, A, B na PB juu ya mfuko zina maana gani? AA ndiyo tamu zaidi?

Herufi hizo huonyesha hasa ukubwa wa buni. Baada ya kukobolewa, buni hupitishwa kwenye chekecheke zenye matundu ya vipimo mbalimbali. AA ni zile kubwa, zenye upana wa milimita 7 hivi au zaidi, kisha hufuata A na B. PB ni buni ya mviringo: kwa kawaida tunda huwa na buni mbili zilizolaliana, kila moja ikiwa na ubavu bapa, lakini katika baadhi ya matunda hukua moja tu, nayo huwa duara. Ukubwa husaidia kukaanga kwa usawa, maana buni ndogo huungua wakati kubwa zingali mbichi ndani. Hausemi lolote la hakika kuhusu ladha. Tumewahi kuipenda B ya Mbozi kuliko AA ya mahali pengine, tukainunua bila kusita.

Je, robusta si kahawa ya daraja la chini?

Hatukubaliani na kauli hiyo. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ina uchungu zaidi, na kwa miaka mingi imenunuliwa kwa bei ndogo na kuchanganywa na chochote. Mkulima asiyelipwa kwa uangalifu hana sababu ya kuwa mwangalifu. Ichumwe ikiwa mbivu, ianikwe vizuri, ikaangwe polepole, nayo hutoa kahawa nzito, yenye harufu ya karanga na kakao. Kwa kahawa ya baraza, inayochemshwa na kunywewa bila sukari katika finjani ndogo, tunaiona ndiyo inayostahili zaidi, peke yake au ikichanganywa na arabika ya Mbinga.

Mnaikaangaje?

Kwa mashine ndogo ya ngoma inayozunguka juu ya moto wa gesi, mkupuo mmoja kwa wakati. Dakika za mwanzo buni hukauka na kugeuka kutoka kijani kuwa manjano, na chumba kizima hunukia kama majani makavu, kisha mkate. Joto la buni linapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, hupasuka kwa mlio mwepesi kama njugu zinazobanjwa: mvuke uliokuwa ndani umeishinda buni, nayo imevimba. Kuanzia mlio huo, kila sekunde ina uzito. Arabika ya kuoshwa tunaitoa muda mfupi baada ya mlio wa kwanza kwisha, ili ladha ya mahali ilipolimwa isipotee. Kahawa ya baraza tunaiacha mpaka karibu na mlio wa pili, karibu nyuzi 220, mafuta yanapoanza kung'aa juu ya buni. Hatuendi mbele zaidi. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa kaa hufanana yote, iwe ya Kilema au ya Brazili, na kazi ya mkulima huishia kwenye moshi.

Je, naweza kuitumia kwa kahawa ya dele, kama ya wauza kahawa wa mjini?

Bila shaka, na tungefurahi sana. Kahawa ya kukaa barazani, kama inavyonywewa Jaws Corner, baraza ya hapa Mji Mkongwe, kila jioni huku watu wakisikiliza habari na kucheza bao, ndiyo kahawa iliyotulea. Chagua mchanganyiko wetu wa baraza. Uliza tukusagie chengachenga, au itwange kwa kinu ukipenda. Kwa lita moja ya maji tumia gramu 60 hivi. Chemsha maji kwanza pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa, na iliki tatu nne kama unapenda. Kisha tia kahawa, punguza moto, iache itokote taratibu kwa dakika tatu au nne. Ondoa, ifunike, ngoja machicha yazame kabla ya kumimina kwenye dele. Ukiiacha juu ya makaa makali tangu laasiri mpaka isha, itakuwa kali ya kukereketa, nasi hatutaweza kuitetea.

Kashata ya njugu huenda vizuri na arabika ya Kilimanjaro. Halua huhitaji kahawa nzito zaidi.

Kwa nini bei yenu ni kubwa kuliko ya kahawa ya kupimiwa sokoni?

Kwa sababu tatu, na zote zinahesabika. Kwanza, kilo moja ya buni safi huhitaji takriban kilo 6 za matunda mabivu, na katika kukaanga buni hupoteza asilimia 15 mpaka 18 ya uzito wake. Kilo moja uliyoibeba ndani ya mfuko ni zaidi ya kilo 7 za matunda yaliyochumwa moja moja. Pili, kahawa ya kupimiwa mara nyingi ni mchanganyiko wa madaraja ya mwisho, zikiwemo buni zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, ambazo sisi tunazichambua na kuziondoa kabla ya kukaanga. Tatu ni soko la dunia. Bei ya arabika hupangwa New York, na baada ya ukame nchini Brazili kuharibu mavuno, mwezi Februari 2025 ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa hata katika mfumuko wa mwaka 1977. Bei ya dunia inapopanda tunapandisha na sisi, na tunaona ni sawa, mradi nyongeza hiyo ifike kwa aliyelima. Inaposhuka, hatumshushii mkulima chini ya kiasi tulichokubaliana na chama chake.

Mabadiliko ya tabianchi yanawaathiri wakulima hao?

Yanawaathiri sasa hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia mavuno ya arabika ya Tanzania tangu miaka ya 1960 na kuonyesha kwamba kupungua kwake kunakwenda sambamba na kupanda kwa joto la usiku. Kila nyuzi moja ya joto iliyoongezeka iliambatana na upungufu wa takriban kilo 137 kwa hekta. Kwa familia yenye ekari moja, hasara ya namna hiyo ni ada ya mtoto. Joto na mvua zisizotabirika huchochea pia maradhi, hasa kutu ya majani, na chulebuni hubaki kuwa tishio nyanda za juu zenye ubaridi na unyevu, ambako huozesha tunda likiwa bado changa.

Msaada mkubwa umetoka kwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao yake Lyamungu, karibu na Moshi. Imetoa aina mpya za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu, ambazo humpunguzia mkulima gharama ya dawa. Tatizo ni kwamba mbuni mpya huhitaji miaka mitatu hivi kabla ya kuanza kuzaa vya kutosha, na anayeng'oa mibuni ya babu yake lazima awe na kitu cha kula katika miaka hiyo. Wapo wakulima tunaonunua kwao wanaobadilisha shamba kipande kwa kipande. Kwa hiyo utaona kwenye mifuko yetu aina za zamani na mpya zikiwa pamoja.

Wakati wa Ramadhani mna kahawa yenye kafeini ndogo?

Hatuuzi kahawa iliyoondolewa kafeini. Kwa wanaokunywa baada ya tarawehe na wanataka kulala, tunashauri arabika badala ya mchanganyiko wa baraza, na finjani mbili badala ya tano.

Niihifadhije nyumbani?

Iweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na dirisha. Usiiweke kwenye friji, kwani kila unapoitoa hushika majimaji. Nunua kidogo na mara kwa mara. Hewa yetu ya bahari haina huruma. Buni nzima iliyokaangwa hubaki katika hali nzuri kwa mwezi mmoja hivi, na iliyosagwa tunashauri imalizike ndani ya wiki mbili. Ikiwa mfuko una tarehe ya jana, subiri siku tatu nne kabla ya kuufungua, maana buni bado inatoa gesi na ladha haijatulia.

Mnatuma Pemba?

Ndiyo. Tunakaanga kwa oda, na mzigo huondoka na boti mpaka Mkoani au Wete, ambako mteja huupokea mwenyewe bandarini au kwa mtu aliyemtaja. Upepo wa kusi ukichafua bahari, mzigo husubiri, na tunamjulisha mteja kabla.

Nina mibuni michache shambani kwangu. Mnaweza kunikaangia?

Tunaweza. Chuma matunda mekundu pekee, yaanike juu ya jamvi lililoinuliwa kutoka chini, uyageuze kila siku na kuyaingiza ndani kabla ya umande. Yakikauka mpaka ukilitikisa tunda buni inasikika ndani, yatwange kwa uangalifu ili ganda litoke bila ya kuvunja buni, kisha yapepete. Mashine yetu huhitaji angalau kilo moja ya buni safi kwa mkupuo. Ilete asubuhi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na tutakuonjesha pamoja nasi kabla hujaichukua.